Wifi anasema mwana wa nyoka ni nyoka. Je, nimemrithisha binti yangu sonona?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili: binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 4. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sipati pa kujificha.

Mama yangu alikuwa na vipindi. Nyumbani tuliviita hivyo tu. Mama akiwa kwenye kipindi chake, wiki kadhaa zinapita halali, hali, hana linalomfurahisha, nasi watoto tunanyata. Halafu siku moja anaamka, anafungua madirisha, na maisha yanaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hakuwahi kupelekwa hospitali. Kaka yake, yaani mjomba wetu, alikuwa wa namna nyingine. Kuna nyakati alikaa siku nne bila usingizi, anaongea haraka haraka, ana mipango kumi ya biashara kwa mpigo, anagawa fedha hovyo. Kisha anajifungia chumbani miezi. Sisi tuliambiwa tu kwamba mjomba ana mambo yake.

Mimi wasiwasi ninao tangu shuleni. Moyo kwenda mbio, kulala nikihesabu mabaya yanayoweza kutokea kesho. Niliuzoea. Lakini nilipomzaa huyu wa pili nilizama. Nililia bila sababu, nikawa namtazama mwanangu kama mtoto wa jirani, nikaona familia yangu ingepumua nisingekuwepo. Mume wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Daktari akasema nina sonona, na kwamba chanzo chake ni kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, imepungua. Nijihesabu kama mgonjwa wa kisukari anayehitaji insulini. Shangazi, sikuwahi kusikia maneno matamu kama yale. Kumbe si uvivu, wala si uhaba wa imani, ni upungufu! Nikameza vidonge miaka mitatu na nikarudi kuwa mtu. Mnasihi niliyeelekezwa kwake nilimwona mara tatu tu nikaacha, nikijiambia kwamba maneno hayajazi tangi lililokauka.

Mwezi uliopita nikasoma makala kwamba wanasayansi wamezipitia tafiti zote na hawakuona ushahidi kwamba sonona inatokana na upungufu wa serotonini. Nilijiona kama mke aliyegundua cheti chake cha ndoa ni cha bandia. Nikavimwaga vidonge vyote chooni. Leo ni siku ya tisa. Tangu siku ya tatu nina kizunguzungu, nikigeuza macho kichwani inapita kama shoti ya umeme, naota ndoto za kutisha, machozi yako karibu, na nina hasira ambazo si zangu. Mume wangu anasema, unaona, ugonjwa bado upo.

Lakini lililonifanya niandike ni binti yangu. Tangu muhula huu uanze, kila asubuhi tumbo linamuuma. Daktari wa watoto amempima hakuona kitu. Usiku ananiuliza: mama, na kama gari la shule likianguka? Na kama ukifa wewe? Shangazi, hayo ni maswali yangu mimi, kwa sauti yake. Wifi yangu alipomsikia akasema mbele ya watu, "Mwana wa nyoka ni nyoka," akacheka. Kesho yake akanitumia tangazo la kipimo cha vinasaba: unatema mate kwenye kichupa, wanakuambia kama mtoto ana jeni za sonona.

Nilidanganywa? Ni kemikali au si kemikali? Na je, nimempa mwanangu ugonjwa wa mama yangu? Nimpime?

Binti wa Mama Yangu


Marahaba, mwanangu.

Maswali yako nitayajibu, tena kwa urefu, maana yanastahili. Ila siwezi kuanza nayo. Naanza na hizo siku tisa.

Hizo shoti kichwani, kizunguzungu, ndoto, machozi na hasira za ghafla ni dalili zinazojulikana sana kwa watu walioacha kwa mkupuo dawa za sonona. Huanza siku chache tu baada ya kidonge cha mwisho, kama zilivyoanza kwako. Sonona yenyewe ikirudi, kwa kawaida hunyemelea, wiki kwa wiki, na haiji na umeme. Kwa hiyo wewe na mumeo mmesoma ishara kinyume. Ubongo ulikaa na dawa miaka mitatu, ukajipanga kuizunguka, kisha wewe ukaiondoa siku moja. Ungeyumba hata kama sonona yako ilikwisha kabisa.

Leo hii mpigie daktari wako. Mwambie jina la dawa, kipimo ulichokuwa unameza, tarehe uliyoacha, na kila dalili. Usione haya. Wauguzi na madaktari tumewaona wengi waliovimwaga vidonge, na wengine hawakuwa na sababu nzuri kama yako. Usijirudishie dozi ya zamani kwa kukisia. Ikiwa mwishoni mtaamua kuziacha, na una haki ya kuamua hivyo, zinapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, kwa wengine miezi. Na lile wazo kwamba familia ingepumua usingekuwepo: likichungulia tena, usingoje miadi. Mwambie mumeo saa hiyo hiyo, mwende hospitali, hata iwe saa nane za usiku. Usibaki peke yako nalo.

La pili, umelitaja kama la kupita tu: mjomba. Siku nne bila kulala na bado ana nguvu, maneno mbio, fedha zinamwagika, halafu miezi ya giza. Mimi si daktari wake na simpimi mtu kwa barua, lakini picha hiyo inafanana na ugonjwa wa hisia mbili, ule wa kupanda na kushuka. Je, daktari wako aliwahi kuuliza habari za mjomba? Nawe ulimwambia? Ugonjwa huo hutembea katika familia kwa nguvu kuliko sonona ya kawaida, na kwa mwenye nao dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu. Huenda kwako halihusu kabisa, miaka mitatu ilipita salama. Lakini ni habari anayotakiwa kuwa nayo kabla hajashika kalamu. Familia nyingi hupeleka hospitali orodha ya mambo yote, wakamwacha nyumbani yule mtu "mwenye mambo yake".

Haya, tuje kwenye cheti cha bandia.

Mfano wa insulini nami niliutumia wodini miaka mingi. Niliupenda kwa sababu ileile uliyoupendea wewe: ulimtua mgonjwa mzigo wa lawama. Lakini ulikuwa na kasoro ambayo mgonjwa mmoja mwerevu aliniuliza nikakosa jibu. Sukari inapimwa kwenye damu. "Hiyo serotonini mmenipima lini?" Hatukuwa tumempima. Hakuna kliniki inayopima serotonini ya ubongo ili kutambua sonona, na kuipima kwenye damu hakusaidii, kwa sababu takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, na hiyo haivuki kuingia ubongoni.

Hadithi ilianzaje basi? Mwaka 1952, katika hospitali moja ya kifua kikuu huko Staten Island, New York, wagonjwa walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Ilikusudiwa mapafu. Lakini watu waliokuwa wamelala wakingoja kufa wakaanza kula, kucheka, kuchangamka kupita walivyotarajiwa. Baadaye ikafahamika kwamba dawa hiyo inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na jamii yake. Wakati huohuo kulikuwa na dawa nyingine, reserpini, ya shinikizo la damu, inayokausha kemikali hizohizo, na baadhi ya walioitumia waliripotiwa kunyong'onyea. Mtu ukiviona viwili hivyo pamoja, utajizuiaje? Mwaka 1965 Joseph Schildkraut wa Marekani akaandika kwamba huenda tatizo ni uhaba wa noradrenalini, mojawapo ya jamii hiyo ya kemikali. Miaka miwili baadaye Alec Coppen wa Uingereza akaelekeza kidole kwa serotonini. Wote wawili walikuwa waangalifu, waliitoa kama dhana ya kuchunguzwa. Desemba 1987 Prozac, dawa ya sonona inayolenga serotonini, ikaidhinishwa Marekani, matangazo yakaichukua ile dhana, na "huenda" ikaachwa njiani.

Kosa lililokuwemo ni la kupima chanzo kwa tiba. Aliyevunjika mguu husaidiwa na magongo, lakini mguu haukuvunjika kwa kukosa magongo.

Makala uliyosoma bila shaka ilitokana na mapitio yaliyochapishwa mwaka 2022, yakiongozwa na Joanna Moncrieff wa London. Yalisema hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba wenye sonona wana serotonini pungufu. Wapo waliobishana naye kuhusu njia alizotumia, lakini ukweli ni kwamba watafiti wengi walikuwa wameshaiacha dhana ya upungufu mtupu zamani. Sisi wa wodini ndio tuliochelewa kuwaambia wagonjwa.

Ila angalia ulichokifanya baada ya kusoma. Uliambiwa sababu ya zamani haina ushahidi, ukasikia dawa haifanyi kazi. Hayo ni maswali mawili. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye wagonjwa zaidi ya 116,000, wakalinganisha dawa 21 za sonona na vidonge visivyo na dawa. Zote 21 zilivishinda vidonge hivyo. Ushindi wenyewe kwa wastani ni wa kiasi, siupambi. Kuna anayepata nafuu kubwa na kuna asiyepata kitu. Wewe uliyemtazama mwanao kama mtoto wa jirani kisha ukarudi kuwa mtu, nafuu yako haikufutwa na makala.

Jambo linalonivutia mimi zaidi ni muda. Dawa yako inazuia seli za neva zisiinyonye serotonini haraka baada ya kuitoa, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Mbona nafuu huchukua wiki mbili, nne, sita? Tangi lingekuwa ndilo tatizo, lingejaa jioni ileile. Wanasayansi wengi sasa wanadhani kinachochelewa ni ukarabati: miunganisho kati ya seli za ubongo inakua upya, hasa kwenye sehemu kama hipokampasi inayohusika na kumbukumbu, na ambayo mfadhaiko wa muda mrefu huiumiza. Kuna protini inayolisha ukuaji huo, na dawa huelekea kuiongeza. Mazoezi ya mwili nayo huelekea kuiongeza. Na tiba ya mazungumzo nayo hubadili namna ubongo unavyofanya kazi, imeonekana kwenye picha za ubongo. Kwa hiyo yule mnasihi uliyemwacha baada ya vikao vitatu hakuwa akimimina maneno kwenye tangi. Alikuwa fundi wa jengo lilelile. Nafikiri hapo ndipo mfano wa insulini ulipokuumiza kweli, kuliko pale ulipokukosesha ukweli wa kemikali.

Na si wewe peke yako. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2014, ambapo wanafunzi wa chuo waliowahi kuwa na sonona walipewa matokeo ya kipimo cha uongo: baadhi waliambiwa serotonini yao haiko sawa. Ungetegemea wajilaumu kidogo. Hawakupungukiwa lawama. Walichopata ni kukata tamaa zaidi ya kupona, na kuamini kwamba vidonge vitawafaa kuliko tiba ya mazungumzo.

Je, basi si kemikali? Ni kemikali, mwanangu, kama vile kila kitu ubongoni ni kemikali, hata furaha yako ya kumwona binti akitabasamu. Ila ni nyingi na zinategemeana. Chukua wasiwasi. Ndani kabisa ya ubongo kuna kiungo kidogo kiitwacho amigdala, mlinzi wa zamu. Kikihisi hatari kinaamsha haipothalamasi, nayo inaiamsha tezi ya pituitari, nayo inazipigia tezi zilizo juu ya figo, zinamwaga kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Moyo unakimbia, tumbo linasimamisha kazi. Hatari ikipita, kotisoli yenyewe hurudi ubongoni kusema inatosha, na kuna kemikali nyingine, GABA, inayofanya kazi ya breki. Kwa mwenye wasiwasi wa kudumu, mlinzi anapiga kengele kwa kivuli na ile "inatosha" haisikiki vizuri. Dawa za usingizi na utulivu zilizoanza kuuzwa mwaka 1960 hubonyeza breki hiyo ya GABA, ndiyo maana hutuliza haraka. Na ndiyo maana huzoesha haraka pia. Ukipewa, uliza utazimeza siku ngapi.

Nimekueleza hayo kwa ajili ya tumbo la binti. Haigizi. Utumbo una mtandao wake wa neva na unazungumza na ubongo mchana kutwa. Daktari hakuona kidonda, sawa, lakini maumivu yapo.

Sasa urithi. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu namba moja isiyoeleweka inatisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2000 Patrick Sullivan, Michael Neale na Kenneth Kendler waliunganisha tafiti za mapacha, wakilinganisha mapacha wa kufanana kabisa na wale wa kawaida. Wakakadiria kwamba urithi unachangia takriban asilimia 37 ya tofauti iliyopo kati ya watu katika kupata sonona. Wasiwasi uko karibu na hapo, kati ya asilimia 30 na 40. Hiyo si kusema binti yako ana uwezekano wa asilimia 37. Wala si kusema asilimia 37 ya machozi yako ni ya mama. Ni kipimo cha kundi: ukiwakusanya watu wengi ukauliza kwa nini huyu alipata na yule hakupata, zaidi kidogo ya theluthi ya maelezo iko kwenye jeni, na sehemu kubwa iliyobaki iko kwenye yaliyowapata maishani. Kwa mtu mmoja mmoja, mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua sonona ana hatari mara mbili hadi tatu ya asiye naye. Sikufichi, ni kubwa. Lakini hata pacha wa kufanana, aliyebeba jeni zilezile, mara nyingi haugui pale mwenzake anapougua.

Tafiti za Kendler ziligusa jambo lingine ambalo naona ni hadithi yako neno kwa neno. Kwa wanawake mapacha aliowachunguza, jeni zinazoongeza hatari ya wasiwasi na zile za sonona zilikuwa kwa kiasi kikubwa ni zilezile. Tofauti ililetwa na maisha: yepi yalimkuta nani. Kwa hiyo hukupata magonjwa mawili. Wepesi uleule wa mfumo wako ulijitokeza kwa sura ya hofu ukiwa mwanafunzi, ukaja kwa sura ya giza baada ya kujifungua, wakati homoni zinaporomoka na usingizi haupo. Na mama yako, nani ajuaye hofu alizobeba usiku ambazo nyinyi mliziona kama uzito wa mchana?

Kichupa cha mate usinunue. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba jeni moja inayohusika na kusafirisha serotonini inaamua nani atavunjika baada ya misukosuko. Ulimwengu ulishangilia, na watafiti wakafuata njia hiyo miaka. Kisha mwaka 2019 Richard Border na wenzake wakazipima jeni 18 zilizotafitiwa kuliko zote, kwa watu maelfu kwa maelfu, hiyo ya 2003 ikiwemo. Hazikuonyesha uhusiano na sonona kuliko jeni zilizookotwa tu. Jeni ya sonona haipo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 ulipata karibu sehemu 700 za vinasaba zinazohusiana na sonona, kila moja ikisukuma kidogo mno, na nyingi ya sehemu hizo wewe, mimi na wifi yako tunazo kwa viwango tofauti. Kuzijumlisha ili kumwambia mtoto wa miaka 11 atakuwaje akiwa na 30 ni kazi ambayo sayansi haijaiweza, hata tangazo liseme nini. Kuna vipimo vingine vya vinasaba vinavyoangalia jinsi ini linavyovunja dawa fulani, na madaktari wengine huvitumia wanapochagua dozi. Hivyo ni habari nyingine, usivichanganye.

Kuhusu wifi. Wahenga walisema mwana wa nyoka ni nyoka, na walewale wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yeye kachukua nusu. Nchini Sweden kuna rekodi zilizowezesha jambo la ajabu: Kendler na wenzake waliwatafuta ndugu wa baba na mama mmoja, wenye wazazi walio na historia ya sonona au matatizo kama hayo, ambapo mmoja alibaki nyumbani na mwingine akachukuliwa kulelewa na familia nyingine iliyochujwa vizuri. Damu moja, nyumba mbili. Waliolelewa kwingine walikuwa na hatari ya sonona pungufu kwa takriban asilimia 23. Na faida hiyo iliyeyuka pale familia mpya nayo ilipopata sonona au kuvunjika. Usisome hapo kwamba umgawe mtoto! Soma kwamba nyumba ina uzito hata pale damu inapokuwa nzito, na nyumba unaishika wewe.

Nitakuongezea moja ambalo nililisoma nikaweka kitabu chini. Mwaka 2006 Myrna Weissman na wenzake wa Marekani waliwafuatilia akina mama 151 wenye sonona walioanza matibabu, pamoja na mtoto mmoja wa kila mama. Watoto hawakupewa tiba yoyote na watafiti hao. Baada ya miezi mitatu, kwa wale ambao mama alipona, matatizo ya watoto yalipungua. Kwa wale ambao mama hakupona, yaliongezeka. Kwa hiyo simu utakayompigia daktari leo kuhusu shoti za kichwani ni matibabu ya binti pia.

Kwake yeye mwenyewe, fanya hivi. Usimchunguze usoni kila asubuhi kama muuguzi anayesoma kipimajoto. Watoto wenye mfumo mwepesi wanasoma hofu ya mzazi kabla hajafungua mdomo. Usimfungie nyumbani siku tumbo linapouma kama daktari alishasema hakuna ugonjwa, kwa sababu kila siku anayobaki mlinzi wa ubongoni anajifunza kwamba kweli shule ni hatari. Aende, hata akichelewa, hata wiki ya kwanza ukimsindikiza hadi mlangoni. Na akiuliza "na kama gari likianguka", usimwapie mara kumi kwamba halitaanguka. Apizo la kumi halitoshi, ataomba la kumi na moja, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Mjibu mara moja, kisha muulize: hofu inakuambia nini tena leo? Aanze kuiona kama sauti, asiione kama habari. Mwalimu wake ajue. Kama ndani ya wiki chache bado anakosa shule, halali, au ameacha michezo aliyoipenda, mpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua huwasaidia wengi wa umri wake, mara nyingi bila kidonge chochote. Wewe nawe urudi kwa mnasihi wako, uanze pale kikao cha nne.

Umekua katika nyumba ambayo ugonjwa uliitwa "kipindi" na mgonjwa mwingine akaitwa "mambo yake". Binti yako amefika umri wa kuelewa maneno kamili. Siku ukiwa umetulia, mwambie kwamba bibi yake aliugua, jina la ugonjwa ni sonona, na kwamba wewe pia uliugua ukatibiwa. Atakuuliza kama naye atapata. Mwambie: huenda, na huenda usipate. Ukipata, bibi hakuwa na mtu wa kumpeleka hospitali. Wewe unaye, na njia anaijua.

Lakini simu kwanza, mwanangu. Kabla hata ya kumaliza chai ya asubuhi.

Shangazi